Kitabu Juu ya Kitabu

Msomaji, tazama meza yako ya kusomea. Huenda pana riwaya moja iliyoteuliwa kwa mtihani, na kando yake pana kijitabu chembamba kiitwacho mwongozo. Ukivichunguza vizuri, aghalabu utaona kwamba mwongozo ndio uliochakaa: kurasa zake zimekunjwa pembe, zimepigwa mistari ya wino, na jalada lake limebandikwa gundi mara mbili, ilhali riwaya yenyewe ingali inanukia duka. Mtungaji wa riwaya alikesha miaka. Mtungaji wa mwongozo pengine alikesha wiki tatu. Wote wawili wamelipwa kwa fedha iliyotoka katika mfuko wa mzazi wako. Sikulitaja jambo hili ili nikuaibishe, bali kwa sababu pana swali kubwa lililolala baina ya vitabu hivyo viwili, nalo ni hili: mtu akiandika kitabu juu ya kitabu cha mwenziwe, kisha akakiuza, ni kipi ndani yake kilicho chake, na ni kipi kilicho cha mwenziwe?

Swali hili liliwahi kufikishwa mbele ya jaji, mbali sana na kwetu, katika mji wa New York, mwezi wa Aprili mwaka 2008. Yafaa tulitazame shauri hilo kwa utulivu, kwani walioshindana hawakuwa mwizi na mwenye mali kama tuwaonavyo sokoni, mmoja akikimbia na mwingine akipiga mayowe. Mmoja alikuwa mtungaji, na wa pili alikuwa miongoni mwa watu waliompenda mtungaji huyo kupita kiasi.

Mtungaji alikuwa J. K. Rowling, mwanamke wa Uingereza, aliyetunga riwaya 7 juu ya kijana mchawi aitwaye Harry Potter. Ya kwanza ilipigwa chapa mwaka 1997, na ya mwisho mwaka 2007. Mpenzi wa riwaya hizo alikuwa Steven Vander Ark, mkutubi wa shule katika jimbo la Michigan, Marekani. Bwana huyu alizisoma riwaya zile kama karani asomavyo hesabu za serikali, akiandika kando kila jina la mtu, kila mnyama wa ajabu, kila uganga na kila mahali. Mwaka 2000 akaiweka orodha yake katika tovuti ya intaneti, imepangwa kwa mfuatano wa alfabeti, na kila mtu akaweza kuisoma bila malipo. Wasomaji wakaifurahia. Rowling mwenyewe aliisifu mwaka 2004, akakiri kwa mzaha kwamba pindi anapoandika akiwa mbali na nyumbani, huingia mahali pa kukodi intaneti akakagua jambo katika orodha ile, kuliko kwenda dukani kununua kitabu chake mwenyewe.

Wahenga walisema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwaka 2007 kampuni ndogo ya kupiga chapa iitwayo RDR Books ilimwendea mkutubi huyo, ikamtaka aigeuze orodha yake kuwa kitabu cha kuuzwa. Kwanza alisita. Aliogopa kwamba sheria haimruhusu. Kampuni ikamtuliza, na ikaandika katika mkataba kwamba likizuka shauri, gharama zitakuwa juu yake. Kwa hivyo kitabu kikatengenezwa: kurasa zipatazo 400, maneno yaliyofafanuliwa zaidi ya 2,400, na bei ya dola 24.95. Kabla hakijatoka, Rowling pamoja na Warner Bros., kampuni iliyotengeneza filamu za hadithi zile, walikwenda mahakamani kukizuia.

Sasa tusikilize kila upande, kwani kila upande ulikuwa na neno la haki na neno lisilo haki.

Rowling alisema kwamba kazi yake ya miaka 17 imechukuliwa kwa jumla, na kwamba aliyeichukua hakuongeza cha maana. Alisema pia kwamba yeye mwenyewe amekusudia kuandika kamusi ya ulimwengu wake, na mapato yake kuyatoa sadaka. Ukiyasikiliza maneno haya haraka haraka utayaona kuwa dai moja, lakini hasa ni madai mawili yaliyofungwa katika kanga moja. Dai la kwanza lasema: maneno yangu yamechukuliwa. Dai la pili lasema: kuandika kamusi ya hadithi zangu ni haki yangu mimi peke yangu. La kwanza nalikubali. La pili silikubali hata kidogo, na napenda nawe ulipime kwa makini, kwa maana linakugusa zaidi kuliko ufikirivyo.

Ikiwa mtungaji peke yake ndiye mwenye haki ya kuruhusu kitabu juu ya kitabu chake, basi uhakiki wote utakuwa wa kuombewa ruhusa. Mwalimu hataweza kuandika maelezo ya riwaya ila kwa hati ya mwenye riwaya. Na niambie, ni mtungaji gani atakayempa hati mhakiki ambaye anajua kwamba atamkosoa? Atawapa wale wamsifuo. Baada ya miaka 20 tutakuwa na maktaba iliyojaa vitabu vya sifa, na mwanafunzi atakayetaka kujua udhaifu wa riwaya hatapata hata ukurasa mmoja wa kumsaidia. Mtungaji akishakitoa kitabu kwa watu, amewapa haki ya kukizungumza, kukipanga, kukilinganisha, na hata kukicheka. Hawezi kuuza maji kisha akataka kumchagulia mnunuzi namna ya kuyanywa.

Upande wa pili ulijitetea kwa jambo ambalo mwalimu yeyote atalielewa, nalo ni kazi. Kupanga vitu ni kazi. Aliyewahi kuandika daftari la mahudhurio la wanafunzi 60, akafuata alfabeti bila kumsahau mmoja, anajua. Mkutubi yule alitumia miaka kadhaa kupanga ulimwengu ambao mwenyewe mwenye kuubuni alikuwa akipotea ndani yake. Alipokuwa kizimbani alilia machozi, na mimi siwezi kumcheka. Alikuwa amewahi kuomba awe msaidizi wa Rowling katika kamusi rasmi, akajibiwa kwamba mtungaji apenda kuifanya kazi hiyo peke yake. Huzuni ya mtu aliyekitumikia kitabu kwa moyo wote, kisha akaitwa mwivi na yule aliyemtumikia, ni huzuni ya kweli.

Walakini mapenzi hayaandiki hati ya kumiliki. Mpagazi aliyebeba mzigo tangu bandarini mpaka bara anastahili ujira wa kubeba, na ni dhuluma kumnyima. Lakini hawi mwenye mzigo kwa sababu bega lake limechubuka. Tena sifa aliyopewa mwaka 2004 ilikuwa ukarimu, haikuwa mkataba. Jirani akikuona unachuma embe moja katika mwembe wake akatabasamu, hajakwambia ulete gari.

Hapa msomaji aweza kuuliza: je, ni fedha ndiyo iliyoharibu mambo? Orodha ilipokuwa ya bure hapakuwa na ugomvi. Ilipotiwa bei, pakawa na ugomvi. Wengi husema hivyo, na nionavyo mimi wanakosea. Fedha si kosa. Gazeti linalochapa uhakiki linauzwa, na mhakiki hulipwa, wala hapana anayelalamika. Kama maneno ya mtu yamechukuliwa isivyo haki, yamechukuliwa isivyo haki hata katika karatasi ya bure. Kitu ambacho fedha hufanya ni kuwasha taa. Mambo yaliyokuwa yakisamehewa gizani huonekana, na kila mmoja huanza kuuliza, hiki ni cha nani?

Jaji aliyelisikiliza shauri alikuwa Robert Patterson, na hukumu yake aliitoa tarehe 8 Septemba 2008. Ni hukumu ndefu, nami naipenda kwa sababu haikumpa yeyote ushindi mtupu. Sheria ya Marekani ya mwaka 1976 inaruhusu kuitumia kazi ya mtu bila idhini pale matumizi yanapokuwa ya haki, na humtaka jaji apime mambo manne: kusudi la matumizi, aina ya kazi iliyotumiwa, kiasi kilichochukuliwa, na madhara yatakayoifikia biashara ya mwenye kazi. Juu ya kusudi, jaji alikuwa upande wa mkutubi. Alisema kwamba riwaya husomwa kwa ajili ya kisa, na kamusi hutazamwa kwa ajili ya kutafuta habari. Kwa hivyo kamusi imeigeuza kazi ile kuwa chombo kingine chenye faida nyingine. Alisema wazi pia kwamba soko la vitabu vya kuongozea wasomaji si milki ya mtungaji peke yake, hata awe mashuhuri kiasi gani. Wala hakuona kwamba mtu atakayesoma kamusi ataacha kununua riwaya.

Lakini alipofika kwenye kiasi, mizani ikainama upande wa pili. Kamusi ilikuwa imechukua sana. Ilichukua maneno yale yale ya Rowling, tena yale mazuri zaidi, zile tashbihi na zile picha ambazo mtu hawezi kuziokota njiani. Na mara kwa mara iliyachukua bila kuyatia alama za usemi, hata msomaji hawezi kujua ni nani anayesema, Rowling au mkutubi.

Kuna jambo moja katika hukumu hii ambalo watu wengi hulipita mbio, nami nataka tukae nalo kidogo. Mbali na zile riwaya 7, Rowling alikuwa ametunga vijitabu viwili mwaka 2001, ambavyo mapato yake yalikwenda kwa shirika la hisani la Comic Relief. Kimoja chaeleza wanyama wa ajabu wa ulimwengu wake, mmoja baada ya mwingine. Kingine chaeleza historia ya mchezo uchezwao na wachawi wakiwa wamepanda fagio. Vijitabu hivi tayari viliandikwa kwa mtindo wa vitabu vya elimu. Sasa fikiri. Ukiichukua riwaya ukaifanya kamusi, umefanya mageuzi. Ukichukua kamusi ukaifanya kamusi, umefanya nini? Umenakili tu, hata ukibadili maneno mawili matatu. Hapo ndipo kosa la mkutubi lilipokuwa kubwa zaidi, na hapo ndipo jaji alipoona kwamba kitabu chake kingeweza kweli kuvipunguzia vijitabu vile wanunuzi.

Tena tukumbuke jinsi mambo ya hadithi yalivyo. Mtu akitunga kamusi ya ndege wa Kenya, hawezi kushtakiwa na aliyemtangulia kwa kusema kwamba korongo ana miguu mirefu. Korongo hakubuniwa na mtu. Lakini mnyama aliyezaliwa katika kichwa cha mtungaji hana miguu ila ile aliyopewa kwa maneno. Ukiyachukua maneno yote, umemchukua mnyama mzima. Mahakama moja ya rufani, katika mji huo huo wa New York, ilikuwa imeamua jambo la namna hii mwaka 1998, juu ya kitabu cha maswali 643 yaliyotokana na mchezo wa televisheni uitwao Seinfeld. Mwenye kitabu alijitetea kwamba anauliza mambo ya hakika. Mahakama ikamjibu kwamba mambo yale si ya hakika. Ni ya kubuniwa, na yana mwenyewe.

Mwisho jaji alikizuia kitabu cha mkutubi kisitoke kama kilivyokuwa, na akatoza fidia ya dola 6,750. Ni kiasi kidogo, dola 750 kwa kila kimoja cha vitabu 9 vilivyochukuliwa maneno, na ndicho cha chini kabisa ambacho sheria ilikiruhusu. Mwezi wa Januari mwaka 2009 kitabu kikatoka kikiwa kimerekebishwa: maneno ya Rowling yamepunguzwa, na ya mkutubi mwenyewe yameongezwa. Hapana aliyekizuia. Kwangu mimi jambo hili laonyesha mengi. Kitabu chenyewe hakikuwa haramu. Haramu ilikuwa uvivu uliokuwamo.

Natumia neno uvivu kwa makusudi, na nitakuonyesha maana yake kwa mfano niliotunga mwenyewe, ili nisiibe nikiwa nafundisha habari za kuiba. Tuseme kuna riwaya ambamo mtungaji aandika hivi: “Bi Saumu alikuwa na sauti kama mlango wa ghala usiotiwa mafuta, na kila alipocheka panya walikimbia.” Wewe waandika mwongozo, nawe wataka kumweleza Bi Saumu. Unaweza kuandika: “Bi Saumu ni mwanamke mwenye sauti kama mlango wa ghala usiotiwa mafuta, ambaye akicheka panya hukimbia.” Umemaliza kwa nusu dakika. Msomaji wako atacheka, atakusifu kwa ufundi wa lugha, na sifa hiyo si yako.

Unaweza pia kuandika: “Bi Saumu ni mwuza nafaka. Anatokea katika sura ya 2, ya 5 na ya 11. Mtungaji anaifananisha sauti yake na mlango (uk. 14).” Hapa hukuiba. Umefanya kazi ya karani, na karani ni mtu wa maana. Msomaji aliyesahau sura atakushukuru.

Lakini unaweza pia kukaa na kitabu mpaka usiku uwe mkubwa, ukaona kwamba kila Bi Saumu anapotajwa, mfano wake hutoka ghalani: mara mlango, mara gunia, mara panya. Ukaona kwamba katika sura ya 11 ghala linaungua, na tangu hapo Bi Saumu hasemi neno hata moja mpaka mwisho wa riwaya. Ndipo ukaandika kwamba ile tashbihi ya ukurasa wa 14 haikuwekwa kwa ajili ya kuchekesha peke yake. Ilikuwa imeandaliwa tangu mapema, ili ghala linyamazapo, na sauti inyamaze. Maneno hayo hayamo katika riwaya. Ni yako. Mtungaji mwenyewe akiyasoma aweza kushtuka, na mtu akikupa shilingi 200 kwa ajili yake, hukumdhulumu yeyote.

Washairi wetu wa pwani waliijua kazi hii zamani, kabla ya mitambo ya chapa kufika kwao. Mshairi alipolipenda shairi la mtu aliyemtangulia aliweza kulifanyia takhmisa: akaichukua mishororo ya mwenziwe, akaiongezea ya kwake hata kila ubeti ukawa wa mishororo mitano. Iko takhmisa mashuhuri iliyojengwa juu ya mishororo inayonasibishwa na Fumo Liyongo, na mjenzi wake atajwa kuwa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, yule yule wa Al-Inkishafi. Hiki nacho ni kitabu juu ya kitabu. Uzuri wa takhmisa ni kwamba mshono hauonewi haya. Msikilizaji ajuaye aliweza kusema, hapa ni Liyongo, na hapa ni Sayyid Abdalla. Wa pili hakujificha nyuma ya wa kwanza, wala hakumfunika. Alisimama kando yake, naye alilazimika kutunga kwa ufundi uliolingana naye, la sivyo aibu ingeonekana ubeti kwa ubeti. Sisemi kwamba washairi wa kale hawakuibiana. Nasema kwamba walikuwa na umbo la shairi lililofanya wizi uonekane, na sisi katika miongozo yetu hatuna.

Sasa turudi kwenye meza yako. Kenya inayo Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Sheria hiyo haikukataza kuzungumza juu ya kitabu cha mtu. Yaruhusu kazi itumiwe kwa haki katika uhakiki na katika kujisomea, na yataka mwenye kazi atajwe. Haki za mtungaji hudumu maisha yake yote, na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Mtungaji wa Kidagaa Kimemwozea, marehemu Ken Walibora, alifariki mwezi wa Aprili mwaka 2020. Kwa hivyo haki katika riwaya ile zitadumu mpaka mwisho wa mwaka 2070. Riwaya hiyo ilitahiniwa katika shule zetu za sekondari katika miaka ya 2010, na miongozo juu yake ilikuwa mingi. Mingine ilikuwa ya watu waliosoma kwa bidii. Sina ugomvi nao, na baadhi yao wamenifunza mambo ambayo nisingeyaona.

Ugomvi wangu ni na ule mwongozo uliojaa muhtasari wa sura baada ya sura, ambamo kila sentensi yenye mwanga imetoka katika riwaya, na kila sentensi yenye giza imetoka kwa mwenye mwongozo. Hudhuru watu wawili kwa pigo moja. Mtungaji hupoteza mnunuzi, kwa sababu mwanafunzi huona kwamba kisa amekwisha kukipata, wala hana haja ya kununua kitabu kikubwa. Mwanafunzi naye hupoteza riwaya. Afikiri ameisoma, na kumbe amesoma mifupa yake. (Nimewasikia wenye miongozo ya namna hii wakilalamika kwa uchungu kwamba wanafunzi wanapeleka mwongozo mmoja kwenye duka la kutoa nakala, wakatoa 20. Nashindwa kujua niwahurumie kwa uso gani.)

Nami sina uso mzuri zaidi. Nilipokuwa katika chuo cha ualimu, tulitumwa kwenda mazoezi ya kufundisha, na mimi nikaangukia shule moja yenye wanafunzi wengi na vitabu vichache. Darasa zima la Kidato cha Tatu lilikuwa na nakala 6 za riwaya. Nikaamua kuwasaidia. Kwa mwezi mmoja nikaandika mwongozo wa kurasa 32, nikautoa nakala dukani, nikauuza kwa shilingi 50. Nilijiambia kwamba ni msaada, na kwa kweli ulikuwa msaada. Lakini shilingi 50 mara wanafunzi wengi ilikuwa pia nauli yangu, na viatu, na chakula cha jioni. Sikuwa na alama za usemi katika mwongozo ule, ila mbili tatu mahali ambapo wahusika walizungumza. Nilipofika kwenye sehemu nzuri, kalamu yangu ilifuata sehemu nzuri, kama ng'ombe afuatavyo majani mabichi bila kuuliza shamba ni la nani.

Wiki ya mwisho, kijana mmoja mpole wa dawati la nyuma alinijia baada ya kipindi. Alikuwa ameukunja mwongozo wangu mahali fulani katika ukurasa wa 9, na chini ya sentensi moja alikuwa amepiga mstari kwa rula. Ilikuwa sentensi juu ya mama angojeaye barua. Akanisomea kwa sauti, taratibu, kisha akaniuliza, “Mwalimu, hii uliitungaje? Mimi nami nataka kujua kuandika hivi.”

Riwaya ilikuwa mezani, baina yetu. Ningeweza kuifungua. Nilimwambia kwamba kuandika ni mazoezi, na kwamba asome sana. Kisha nikakusanya chaki zangu, kwa kuwa kengele ilikuwa karibu kulia. Akanishukuru, akaenda zake.

Nakala moja ya mwongozo ule ninayo hata leo. Miaka kadhaa baadaye nilikaa nayo jioni moja pamoja na riwaya, nikazungushia wino mwekundu kila sentensi isiyokuwa yangu. Katika kurasa nyingine ni mistari miwili au mitatu. Katika ukurasa wa 9 kilichobaki bila wino ni namba ya ukurasa na neno “kwa hivyo”.